Bango Lililomfisha Seok-ha

PYO: Haloo? Nani mwenzangu?

MAL-SUN: Haloo! Hapo ni Seoul? Ofisini kwa Bu Seok-ha, mwimbaji?

PYO: Idara ya matangazo, ndiyo. Mkurugenzi Pyo anaongea. Nani—

MAL-SUN: Kaa vizuri kwenye kiti, mkurugenzi, maana leo umepigiwa na mtu mzito. Mimi ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa Seok-ha, Jeju nzima. Nikikohoa mimi, kisiwa kinapiga chafya.

PYO: Jeju nzima?

MAL-SUN: Upande wa kusini. [kimya] Kijiji kimoja, cha upande wa kusini. Tuko kumi na saba, na mmoja wetu Seok-ha wala hampendi, anafuata supu tu. Umekula?

PYO: Nimekula, mama, asante. Lakini namba hii ni ya wachapaji peke yao. Umeipata wapi?

MAL-SUN: Mmeiandika wenyewe chini ya bango. Vijiherufi kama mayai ya chawa. Nimevaa miwani juu ya miwani.

PYO: Bango? Bango gani?

MAL-SUN: La onyesho la Desemba. Mmelituma asubuhi kwenye simu za matawi yote, ati tulitazame kwanza sisi wapenzi kabla halijachapwa. Haya, tumelitazama.

PYO: Aa! Asanteni sana. Maoni kuna ukurasa wake, unabonyeza pale—

MAL-SUN: Nimebonyeza. Limetoka ua linalocheza, likasema ahsante, likaondoka. Kwa hiyo napiga.

PYO: Mama, niko mbioni kweli. Saa kumi mashine inaanza kuchapa, na sasa hivi ni saa tisa na—

MAL-SUN: Na ishirini. Saa ninayo. Ndiyo maana sikuandika barua. [upepo, mtandao unakwaruza] Haloo?

PYO: Nakusikia, mama, ila kuna upepo.

MAL-SUN: Hapa upepo ndiyo mwenyeji, sisi wapangaji. Tuko shambani tunakata machenza. Sasa nikueleze. Saa nne asubuhi mwenzangu Yeong-rye, mweka hazina wetu, simu yake imelia. Kaifungua. Kaangalia. Mara kakaa chini, puu, kwenye matope, na suruali mpya. Ananiuliza, "Lini?" Namwuliza lini nini? Ananiambia, "Seok-ha kafa lini?"

PYO: [anacheka] Kweli alisema hivyo?

MAL-SUN: Unacheka?

PYO: Samahani. Hapana, si kwa ubaya, mama. Ni kwamba, basi limefanya kazi! Ndicho tulichokitaka.

MAL-SUN: Mlitaka Yeong-rye akae kwenye matope.

PYO: Tulitaka mtu ashtuke. Sikiliza, nikufahamishe vizuri. Wimbo mpya unaitwa "Nimezaliwa Leo". Sawa? Mtu azaliwe upya, yule wa kwanza lazima aondoke. Seok-ha wa zamani, yule wa makoti ya kumetameta, wa kulia kwenye harusi za watu, ndio tunamuaga. Kwa hiyo picha haina rangi, nyeusi na nyeupe, anatazama mbele, hacheki—

MAL-SUN: Nyuma kijivu.

PYO: Nyuma kijivu, ndiyo.

MAL-SUN: Na utepe mweusi pembe za juu, kushoto na kulia.

PYO: Umeuona! Utepe ni wazo langu.

MAL-SUN: Na maua meupe chini, yale yale.

PYO: Yale yale, ndiyo. Yaani ni picha ya msiba, mama, tunajua ni picha ya msiba. Si kwamba tumekosea. Ni maksudi.

MAL-SUN: Afadhali mngekuwa mmekosea. Mtu aliyekosea namsamehe.

PYO: Ni sanaa ya matangazo, mama. Rangi ni lugha. Nyeupe hapa haisemi kifo tu, inasema ukurasa mtupu, usafi. Huko Ulaya bibi harusi anavaa nyeupe.

MAL-SUN: Basi mpelekeni Ulaya akafe huko.

PYO: Mama—

MAL-SUN: Shule mimi niliishia darasa la sita, mkurugenzi. Rangi nilizofundishwa ni tano, wala hazikufundishwa na mwalimu. Mtoto akitimiza mwaka tunamvika koti la mikono ya mistari, nyekundu, njano, buluu, zote zimo, ili mabaya yakija yachanganyikiwe yasijue yamshikie wapi. Halafu mtu anaishi, anazeeka, zinapungua. Ya mwisho inabaki nyeupe. Wewe huyu kijana umemvua zote siku moja, na ana miaka thelathini na nne.

PYO: Imebaki nyekundu. Jina lake tumeliandika kwa nyekundu, uliona? Kubwa, katikati. Hiyo ndiyo damu, ndiyo uhai unarudi.

MAL-SUN: Niliiona. Nilitaka kuja nayo mwishoni maana presha yangu haitaki mambo mengi pamoja. Mkurugenzi, ulipokuwa shule, uliwahi kuandika jina lako kwa kalamu nyekundu?

PYO: ...Ya nini hiyo sasa?

MAL-SUN: Jibu tu.

PYO: Mara moja. Darasa la pili.

MAL-SUN: Mama yako akafanyaje?

PYO: Alinizaba kofi. Akachana daftari.

MAL-SUN: Nampenda mama yako, na wala simjui. Kwa nini alikuzaba?

PYO: Kwa sababu... aah, mama, ni imani za zamani hizo. Jina jekundu ni la marehemu. Vijana wa sasa hawajali.

MAL-SUN: Jina lako kwenye mlango wa ofisi limeandikwa rangi gani?

PYO: Jeusi.

MAL-SUN: Nenda kalipake jekundu, halafu tuendelee. Nasubiri.

PYO: Mama, mimi nakuheshimu sana—

MAL-SUN: Ukianza hivyo najua linalofuata. Usinikatie simu. Ukikata, nampa Yeong-rye apige, na yeye hana breki.

PYO: Sikati. Ila wachapaji wananisubiri kwenye simu ya mezani. Niambie kwa ufupi mnataka nini, niandike.

MAL-SUN: Kalamu unayo?

PYO: Ninayo.

MAL-SUN: Rangi gani? [anacheka] Natania. Andika. Utepe, toa. Maua, toa. Jina, rudisha kama lilivyokuwa. Na chenza letu liko wapi?

PYO: Chenza?

MAL-SUN: Rangi yetu! Mabango yote tisa ya nyuma, kila mwaka, pana rangi ya chenza. Koti lake, au herufi, au mwavuli. Hili halina hata ganda. Nimeikuza hiyo picha mpaka simu ikapata moto.

PYO: Aa. Hapo... hapo ulikuwa uamuzi wa kitaalamu. Tulifanya utafiti. Rangi ya chenza watu wanaisoma kama ya, ya rika fulani.

MAL-SUN: Rika gani?

PYO: La... waliokomaa.

MAL-SUN: Machenza yaliyokomaa ndiyo tunayouza. Mabichi tunawaachia ndege.

PYO: Sikukusudia kutukana.

MAL-SUN: Hujatukana, umesoma utafiti. Sasa nikusomee na mimi wangu. Wewe una muda gani hapo kazini?

PYO: Miezi miwili na nusu.

MAL-SUN: Miaka tisa iliyopita Seok-ha aliimba sikukuu ya machenza hapa kwetu. Hakuna aliyemjua. Yaani tulimjua sisi, kama mtoto wa hapa, lakini kama mwimbaji alikuwa si lolote. Kapangwa wa mwisho, baada ya mashindano ya kuvuta kamba. Ikashuka mvua, mvua ya ubavu, wewe wa Seoul huijui. Watu wakakimbia. Wapiga muziki wakafunika vyombo, wakakimbia. Yeye kabaki pale juu, anaimba bila muziki. Tukabaki wanawake kumi na tisa. Hatukuwa na miavuli. Tulikuwa na yale maturubai ya kufunikia makreti, ya rangi ya chenza, tukajifunika kichwani, tukasimama. Nyimbo saba. Kaimba zote saba kwa wanawake kumi na tisa waliovaa maturubai. Hiyo ndiyo rangi. Haikutoka kwenye utafiti. Ilitoka kwenye makreti.

PYO: Hiyo habari sikuwa naijua.

MAL-SUN: Hujui, ndiyo, hukuwepo. Na sasa tuko kumi na saba. Wawili wamefariki, wamekwenda na vizibao vyao vya rangi ile ile tuliyoshonesha baadaye. Mmoja aliomba achomwe nacho. Watoto wake wakaona haya, tukawaambia, mnaona haya kwa lipi, mama yenu alikuwa anawika.

PYO: Poleni, mama.

MAL-SUN: Ahsante. Sasa toa utepe.

PYO: Mama mwenyekiti... nikwambie ukweli?

MAL-SUN: Kama unao.

PYO: Wakuu wamelipenda. Wamelipigia makofi. Ni kazi yangu ya kwanza kubwa hapa. Nikienda sasa hivi kuwaambia tusimamishe kwa sababu kijiji kimoja cha, samahani, kijiji kimoja Jeju hakikupendezwa, mimi ndiye nitakayeagwa. Bila maua.

MAL-SUN: Hapo kwenye maua usiwe na hofu. Maua yapo njiani.

PYO: Maua gani?

MAL-SUN: Mashada. Yale makubwa ya miguu mitatu, ya kusimamishwa mlangoni mwa msiba. Tumeagiza kumi na saba kwa muuza maua wa huko huko Seoul. Kesho saa tatu asubuhi yatapangwa mbele ya jengo lenu, mstari mmoja, kuanzia mlangoni mpaka kituo cha basi.

PYO: Mama, tafadhali—

MAL-SUN: Mmetangaza msiba. Sisi ni watu wenye adabu, msiba hatuususi. Na tepe zimeandikwa. La kwangu linasema, "Pumzika salama, akili ya idara ya matangazo."

PYO: [anaguna]

MAL-SUN: La Yeong-rye siwezi kukusomea, kuna watu wanapita. Na sisi wenyewe tunakuja na ndege ya asubuhi, tumevaa meupe. Kwa hiyo andaeni supu ya nyama, ile nyekundu ya msibani, na pilipili isipungue. Watu kumi na saba, lakini yule wa supu mhesabuni mara mbili.

PYO: Magazeti yataandika! Mnajua magazeti yataandika nini?

MAL-SUN: Si ulitaka watu washtuke? Tunakusaidia kazi.

PYO: Mama, huu ni usumbufu! Mnamharibia Seok-ha mwenyewe, sio mimi. Mnampenda au hampendi?

MAL-SUN: Usinipandishie sauti.

PYO: Sijapandisha—

MAL-SUN: Umepandisha. [mtandao unakwaruza] Haloo? Upo? Subiri, nisogee ukutani, hapa upepo unanila maneno. [kimya] Haya. Unanisikia?

PYO: Nakusikia.

MAL-SUN: Nikuulize kitu, na unijibu taratibu, sina ugomvi. Picha ya msiba unajua inapatikanaje?

PYO: Ya... ya wazee, hupigwa mapema. Bibi yangu alipiga.

MAL-SUN: Enhe. Na mimi ninayo. Walitupiga kituo cha wazee, bure, wakatupaka na poda. Mle ndani nimependeza kuliko nilivyowahi kupendeza nikiwa hai, mtu akija kuniaga atajuta hakunioa. Iko kabatini nyuma ya mifuniko ya sufuria. Siiogopi. Ya mzee ni kama shuka jipya, unaliweka. Lakini ya kijana haipo. Hakuna mtu anayempigia kijana picha ile. Eti?

PYO: Ndiyo, mama.

MAL-SUN: Kwa hiyo hospitali wanapiga simu, leteni picha, watu wameanza kufika. Unakaa sakafuni na sanduku. Kila picha anacheka. Hii katoa ulimi. Hii kafumba macho. Hii nzuri, lakini kamkumbatia mbwa, ukimkata mbwa unakata na bega. Unazirudia tena tangu mwanzo. Mwisho unapata ya leseni ya pikipiki. Ndogo kama ukucha. Wanaikuza, inakuwa nukta nukta, uso unaujua na huujui. Nyuma yake kijivu. Wanaweka utepe, kushoto na kulia.

PYO: Huyo alikuwa nani, mama?

MAL-SUN: Jirani. Kijana wa jirani yangu mmoja. Miaka ishirini na miwili.

PYO: Pole sana.

MAL-SUN: Mimi? Mimi ni jirani tu. Alikuwa na mdogo wake, wa kiume, miaka kumi na mmoja. Si unajua desturi, picha lazima ibebwe mbele ya jeneza, na mwanamume wa nyumba hiyo. Baba mtu alikuwa hajiwezi hata kusimama. Basi akaibeba yule mtoto. Mikono miwili, hivi, kifuani. Ilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Kidevu kimekaa juu ya fremu. Kilima kizima. Hakuiyumbisha hata mara moja. Tangu siku hiyo nyumbani kwao hakuna picha isiyo na rangi. Hata kalenda. Likija gazeti lina mtu mweusi-mweupe, yule mdogo analigeuza.

PYO: ...

MAL-SUN: Haloo?

PYO: Nipo.

MAL-SUN: Nilidhani mtandao.

PYO: Hapana. Mama, nitafanya hivi. Naweza kuweka chenza. Dogo. Pembeni, chini, karibu na tarehe. Kama kitufe. Hilo naweza bila kumwuliza mtu.

MAL-SUN: Kitufe.

PYO: Ni ishara. Litaonekana zaidi kwa sababu ni rangi peke yake—

MAL-SUN: Kwenye jeneza unaniwekea peremende.

PYO: Basi nifanyeje! Mama, na mimi ni mtu! Mwenyewe Seok-ha amekubali, kampuni imekubali, nyinyi peke yenu—

MAL-SUN: Seok-ha ameiona hiyo?

PYO: Ameona.

MAL-SUN: Yenye utepe?

PYO: Ameona... mchoro wa kwanza. Picha ilikuwa na rangi bado. Utepe na mambo mengine yaliingia jana.

MAL-SUN: Mpigie sasa hivi.

PYO: Yuko milimani, wanarekodi kipindi cha runinga. Wamenyang'anywa simu wote mpaka keshokutwa.

MAL-SUN: Kwa hiyo mtu yuko milimani anatafuta kuni kwenye runinga, huku chini nyinyi mmeshamfisha, mmemwekea maua, na habari hana. Atashuka keshokutwa aikute sura yake imebandikwa kila kituo cha treni, na utepe.

PYO: Ataelewa. Ni msanii.

MAL-SUN: Si ana mama huyu?

PYO: Nani?

MAL-SUN: Seok-ha. Hakutoka kwenye yai. Ana mama mzazi, hai, anakula na kunywa. Mmemwuliza?

PYO: Mama yake? Eee, ndiyo. Mama yake ameshalipitisha.

MAL-SUN: Amelipitisha!

PYO: Kabisa. Ndiyo nilitaka kukwambia tangu mwanzo, umenikatiza tu. Mama yake ameliona, amebariki.

MAL-SUN: Eh! Basi mimi napiga kelele za nini? Lini hiyo?

PYO: Jana jioni. Nilimpigia mwenyewe. Kwangu mimi mzazi ni mzazi, siwezi kutoa kitu kama kile bila mzazi kujua.

MAL-SUN: Umelelewa vizuri. Lile kofi lilifanya kazi. Na utepe ulimwonyesha?

PYO: Kila kitu. Tuliongea kama dakika ishirini.

MAL-SUN: Akasemaje?

PYO: Alilia.

MAL-SUN: Maskini weee. Alilia?

PYO: Kwa furaha. Akaniambia, "Mkurugenzi Pyo, umemfanya mwanangu aonekane mfalme."

MAL-SUN: Yeong-rye! Yeong-rye, njoo usikie, mama yake Seok-ha jana kalia kwa furaha! [kwa mbali, kicheko cha wanawake] Wamefurahi sana hapa. Na yukoje huyo mama? Sisi wengine watu wakubwa hatuwapati.

PYO: Mama mpole kweli kweli. Sauti ya chini. Mtu wa maneno machache.

MAL-SUN: Maneno machache.

PYO: Anasikiliza zaidi kuliko kusema. Mstaarabu. Yaani, bila kumkosea mtu adabu, angekuwa mfano mzuri kwa... kwa mashabiki.

MAL-SUN: Nimekuelewa. Anaitwa nani vile?

PYO: Mama... Bi Bu.

MAL-SUN: Bu ni ukoo wa mumewe, mkurugenzi. Tangu lini mwanamke wa hapa kwetu akachukua ukoo wa mume? Hata mtoto wa chekechea anajua.

PYO: Ulimi umeteleza tu. Jina lipo kwenye faili, hapa mezani.

MAL-SUN: Lifungue. Kwenye mkataba, ukurasa wa mwisho, pale "mtu wa kujulishwa likitokea jambo".

PYO: Umejuaje kwamba—

MAL-SUN: Mikataba yote iko hivyo. Hata wa chumba cha baridi cha machenza.

PYO: [karatasi zinafunuliwa] Hyun. Hyun Mal-sun. Ndiye. Na namba yake hii hapa.

MAL-SUN: Usinisomee, namba za watu hazisomwi ovyo. Ipige. Si una simu ya mezani? Mpigie, umwulize neno moja tu, bango ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, mashada nayafuta yote kumi na saba, hata la Yeong-rye, na nakuletea kreti la machenza mpaka mlangoni.

PYO: Sasa hivi?

MAL-SUN: Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Muda unao.

PYO: Na nikimpata, akasema ndiyo, mnaacha kabisa? Na ndege hampandi?

MAL-SUN: Tunaacha. Tunavua meupe. Na akisema hapana?

PYO: Hawezi kusema hapana, si nimekwambia alilia?

MAL-SUN: Lakini akisema.

PYO: Akisema hapana nasimamisha mashine mwenyewe, kwa mkono huu. Wakubwa watanielewa. Mama mzazi ni mama mzazi, hapo hakuna wa kubisha.

MAL-SUN: Yeong-rye kasikia. Mungu kasikia. Piga.

PYO: Haya. Napiga. [kimya] Napiga sasa. [kimya] Inaita.

MAL-SUN: Inaita?

PYO: Inaita.

MAL-SUN: Simama tuli, Yeong-rye, usitikise makreti. Iache iite.

PYO: Bado inaita... Hapokei.

MAL-SUN: Hapokei.

PYO: Atakuwa na shughuli. Msimu huu wa machenza, nadhani yuko shambani.

MAL-SUN: Hapo umepatia. Bado inaita?

PYO: Inaita vizuri kabisa, mama, naisikia hapa sikioni. Unajua watu wazima, simu wanaiacha ndani ya—

MAL-SUN: Mkurugenzi.

PYO: Naam.

MAL-SUN: Kijana wangu alinikataza kupiga simu ofisini kwenu. Aliniambia, mama, kazi za watu hizo, niahidi. Nikaahidi. Ndiyo maana leo amepiga mwenyekiti, tena kwa simu ya Yeong-rye.

PYO: Kijana... wako?

MAL-SUN: Mdogo, yule aliyebeba picha. Ndiye niliyebaki naye. Na simu ya Hyun Mal-sun ninayo mfukoni, nimeiwekea mkono juu tangu uliposema napiga. Haijatikisika.

PYO: [mkonga wa simu ya mezani unarudishwa mahali pake]

MAL-SUN: Bado inaita?

PYO: ...Hapana, mama.